Mto wa Mpakani na Wapimaji Wake: Historia ya Taasisi za Maji za Bonde la Ruvuma

Mwaka 2006 Serikali ya Tanzania na Serikali ya Msumbiji zilitia saini makubaliano ya kuunda Tume ya Pamoja ya Maji ya Mto Ruvuma. Kwa hatua hiyo, mto ambao kwa miaka mia moja na ishirini ulikuwa umehesabiwa kuwa mstari wa mpaka ulitambuliwa kuwa rasilimali moja inayopaswa kutunzwa na pande zote mbili kwa pamoja. Historia ya tume hiyo haiwezi kuelezwa peke yake, kwa kuwa upande wa Tanzania kazi ya kila siku ya kupima, kugawa na kulinda maji hufanywa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini yenye makao yake Mtwara, na upande wa Msumbiji hufanywa na mamlaka ya maji ya kanda ya kaskazini ijulikanayo kama ARA-Norte. Nyuma ya taasisi hizi ziko nyingine zilizotangulia, zikiwemo zile zilizohangaika kuufikishia maji uwanda wa Makonde, na bila kuzitaja hizo msomaji wa Masasi, Newala au Mnyambe hawezi kuona kwa nini habari za mto ulio chini kabisa ya majabali ya kwao zinamhusu.

Miongo miwili ya ushirikiano imethibitisha jambo moja zaidi ya mengine. Usimamizi wa pamoja wa Ruvuma haukuzaliwa na ujirani mwema peke yake. Ulilazimishwa na umbile la mto wenyewe, kwa sababu hakuna nchi inayoweza kuyahesabu maji ya mto huu, sembuse kutabiri mafuriko yake, kwa kutegemea vipimo vya ukingo mmoja.

Bonde na umbile lake

Bonde la mto ni eneo lote ambalo mvua ikinyesha juu yake, maji yake, yawe yanayotiririka juu ya ardhi au yanayopita chini kwa chini, huishia katika mto huo mmoja. Kwa maana hiyo, bonde la Ruvuma lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 155,000, ambapo karibu theluthi mbili ziko Msumbiji, theluthi moja iko Tanzania, na sehemu ndogo sana, isiyofikia asilimia moja, iko Malawi. Mto wenyewe huanzia katika milima ya Matogoro karibu na Songea, hushuka kuelekea kusini hadi unapokutana na mpaka, kisha hugeukia mashariki na kuwa mpaka wa nchi mbili kwa zaidi ya kilomita 600 hadi unapomwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, kusini mwa Mtwara.

Mgawanyo huo wa ardhi ndio ufunguo wa historia yote inayofuata. Upande wa Tanzania hutoa mito kama Muhuwesi katika wilaya ya Tunduru, lakini tawi kubwa kuliko yote ni Lugenda, ambalo chimbuko lake ni Ziwa Amaramba ndani ya Msumbiji, karibu na mpaka wa Malawi, na ambalo hukusanya maji ya eneo pana la mkoa wa Niassa kabla ya kuungana na Ruvuma karibu na Negomano. Kwa hiyo mkulima wa mpunga aliye bondeni upande wa Tanzania, chini ya makutano hayo, anaweza kuona mto ukipanda huku mvua ya kwao imekwisha siku nyingi, kwa kuwa maji yanayomfikia yamenyesha mamia ya kilomita kusini-magharibi, katika nchi nyingine.

Mvua za bonde hili huja kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na mto hufikia kilele chake katika miezi ya mwisho ya msimu, wakati udongo umekwisha kushiba. Nje ya msimu huo Ruvuma huwa mpana na wenye kina kifupi, ukigawanyika katika mikondo mingi inayozunguka visiwa vya mchanga. David Livingstone, aliyeingia mtoni kwa meli ya Pioneer mwezi Machi 1861, alilazimika kurudi baada ya safari fupi kwa sababu maji yalikuwa yakipungua na meli ilikuwa katika hatari ya kukwama. Alirudi Septemba 1862 akitumia mashua na kufika mbali zaidi, lakini matumaini ya kuufanya mto huu njia ya meli za biashara hayakutimia. Mchanga ule ule uliomzuia ndio unaowasumbua wapimaji wa maji hadi leo, kama itakavyoelezwa.

Mto kama mpaka, 1886–1961

Mnamo Desemba 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba Ruvuma iwe mpaka kati ya maeneo ziliyoyadai, na sehemu inayobaki, kutoka mtoni hadi Ziwa Nyasa, ifuate mstari wa latitudo unaopita kwenye makutano ya Ruvuma na mto Msinje. Waliokubaliana walikuwa wakigawana ardhi, si maji, na mapatano yao hayakujali kwamba jamii za Wamakonde, Wayao na Wamakua ziliishi kando zote mbili, zikioana, zikilima na kuvua pande zote.

Uingereza ilipochukua utawala wa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, suala la mto lilirudi mezani, na katika hati zilizobadilishwa kati ya Uingereza na Ureno mwaka 1936 na 1937 mpaka ulifafanuliwa kwa kina zaidi. Hati hizo zilikuwa na kipengele ambacho mwanahistoria wa maji hawezi kukipita: wakazi wa kingo zote mbili walihifadhiwa haki ya kuchota maji, kuvua samaki na kuchukua mchanga wenye chumvi katika upana wote wa mto. Hapakuwa na tume wala chombo cha kusuluhisha, na hapakuwa na hata kipimo kimoja cha pamoja. Hata hivyo kipengele hicho kilikiri kwamba mpaka unaweza kuwatenga watu kiutawala bila kuwatenga katika matumizi ya maji, na kwa maana hiyo ndicho mtangulizi wa mbali wa makubaliano ya 2006.

Uwanda usio na mto

Juu ya bonde hilo, upande wa Tanzania, uko uwanda wa Makonde, ambao ukingo wake wa magharibi karibu na Newala huinuka mamia ya mita juu ya bonde la Ruvuma, ukishuka taratibu kuelekea pwani. Anayesimama Newala mahali panapoitwa Shimo la Mungu huona bonde lote likitandazwa chini yake, na hapo hapo huuona mkasa wa uwanda: maji yako chini, watu wako juu. Udongo wa kichanga wa uwanda hunywa mvua kabla haijaanza kutiririka, kwa hiyo hakuna mito ya kudumu juu yake. Maji hayo huzama, husafiri chini kwa chini, kisha hutokeza kama chemchemi miguuni mwa majabali, ambapo sehemu huelekea Ruvuma na sehemu huelekea mto Lukuledi unaomwagika baharini Lindi.

Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, alishangazwa na jinsi Wamakonde walivyochagua kuishi mbali kiasi hicho na maji. Vichaka vizito vya uwanda viliwapa usalama nyakati za uvamizi na utumwa, lakini gharama ya usalama huo ililipwa na wanawake walioshuka na kupanda majabali kila siku wakiwa na maji kichwani. Wakati wa masika familia zilikinga maji ya mvua, na kiangazi kilipofika safari za kwenda chemchemini zilirudi pale pale.

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilijaribu kulitatua tatizo hilo kwa shirika maalumu, Shirika la Maji la Makonde, lililokusudiwa kusukuma maji kutoka bondeni hadi juu na kuyauza kwa wananchi ili mkopo wa ujenzi ulipwe kutokana na mauzo. Shirika hilo halikuweza kujiendesha kwa mapato yake. Kupandisha maji kwa mamia ya mita kulihitaji mafuta na mitambo ya gharama kubwa, ilhali wanunuzi walikuwa wakulima wa kipato kidogo ambao msimu wa mvua hawakuwa na haja ya kununua kile walichokikinga bure. Fundisho lililobaki, na ambalo kila taasisi iliyofuata ililazimika kujifunza upya, ni kwamba mradi wa maji unaweza kufaulu kiuhandisi na kushindwa kimahesabu.

Baada ya uhuru serikali ilibeba gharama hizo kama sehemu ya sera yake ya maji vijijini. Mwaka 1971 ilitangaza lengo kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka anakoishi, na kwa mikoa ya kusini lengo hilo lilisaidiwa na Ufini, ambayo wataalamu wake walikamilisha mpango mkuu wa maji wa Mtwara na Lindi mwaka 1977. Mpango huo uliitazama mikoa hiyo kwa jicho la haidrolojia, yaani elimu ya mwendo wa maji juu na chini ya ardhi, na uliorodhesha chemchemi, maji ya ardhini na mito kama vyanzo vya mfumo mmoja. Programu ya vijijini iliyofuata iliacha visima vyenye pampu za mkono za Nira, jina ambalo wazee wa vijiji vingi vya Masasi na Newala bado wanalikumbuka.

Vita, sheria na ramani mpya

Wakati mipango ya maji ikiandaliwa upande mmoja, mto wenyewe ulikuwa uwanja wa vita. Vita vya chama cha ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO, dhidi ya Ureno vilianza Septemba 1964, vikiungwa mkono kutoka kambi za Tanzania, maarufu miongoni mwao ikiwa ile ya Nachingwea, na vilimalizika kwa mkataba wa Lusaka wa Septemba 1974. Msumbiji ilipata uhuru Juni 1975, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata viliendelea hadi mkataba wa Roma wa Oktoba 1992. Athari yake kwa taasisi za maji si ndogo. Takwimu za mto hupata thamani kwa kurudiwa siku baada ya siku kwa miaka mingi mahali pale pale, na bonde ambalo kingo zake zilishuhudia vita kwa karibu miongo mitatu lilianza zama za amani likiwa na kumbukumbu zenye mapengo, ambazo hakuna modeli inayoweza kuzijaza kwa uhakika.

Upande wa sheria, hata hivyo, kazi ilisonga. Sheria ya maji ya kikoloni ya 1959 ilifutwa na Sheria Na. 42 ya mwaka 1974 iliyothibitisha kwamba maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma na kwamba anayetaka kuyatumia kwa kiwango kikubwa lazima apewe haki hiyo na serikali. Marekebisho ya 1981 yalifungua njia ya kusimamia maji kwa mabonde badala ya mikoa, na mwaka 1989 Tanzania Bara ikagawanywa katika mabonde tisa: Pangani, Wami na Ruvu, Rufiji, Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa, Bonde la Kati, Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria. Mantiki ya ramani hiyo mpya ni nyepesi kuieleza: maji hayajui mkoa, na mkuu wa wilaya iliyo juu ya mto hawezi kugawa maji bila kumgusa mwananchi wa wilaya iliyo chini.

Ofisi za mabonde hazikuzaliwa zote kwa siku moja. Pangani ilitangulia mwaka 1991 na Rufiji ikafuata 1993, kwa kuwa huko migogoro kati ya wakulima wa umwagiliaji na mitambo ya kuzalisha umeme ilikuwa imekwisha kupamba moto. Mabonde yaliyokuwa na migogoro michache, Ruvuma likiwemo, yalisubiri zamu yao. Kusubiri huko kulikuwa na gharama iliyofichika, kwa sababu ofisi ya bonde hulipia sehemu ya kazi zake kwa ada za watumia maji, na bonde lisilo na bwawa kubwa la umeme wala mashamba makubwa ya umwagiliaji hukosa walipaji wakubwa ambao Pangani na Rufiji zilikuwa nao tangu mwanzo.

Bodi na tume

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ndiyo iliyoweka wazo la usimamizi shirikishi wa rasilimali za maji, yaani kupanga matumizi ya nyumbani, kilimo, viwanda na mahitaji ya mazingira kwa pamoja badala ya kila sekta kujichukulia. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 ililipa wazo hilo nguvu. Chini ya sheria hiyo, Bodi ya Maji ya Bonde hukusanya takwimu, hutoa vibali vya kutumia maji na vya kutiririsha majitaka, huandaa mpango wa bonde na kusuluhisha migogoro. Chini yake ziko kamati za vidakio, kidakio kikiwa ni sehemu ya bonde inayolisha tawi moja la mto, na chini zaidi ziko jumuiya za watumia maji zinazoundwa na wanavijiji wenyewe. Katazo la shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, lililowekwa na Sheria ya Mazingira ya 2004, lilizipa ngazi hizo za chini jambo la kusimamia mashambani.

Eneo la Bodi ya Ruvuma na Pwani ya Kusini ni pana kuliko jina la mto mmoja linavyoashiria. Mbali na sehemu ya Tanzania ya bonde la Ruvuma, linahusisha mito inayoingia baharini moja kwa moja, ikiwemo Lukuledi, Mbwemkuru, Mavuji na Matandu, hivyo kwamba wilaya ya Masasi peke yake hugawa maji yake kati ya Ruvuma kwa upande mmoja na Lukuledi kwa upande mwingine. Ni mipaka hii inayoifanya chemchemi ya Mbwinji, inayolisha miji ya Masasi na Nachingwea, na visima vya Mitema, vinavyosukuma maji hadi Newala na Tandahimba, kuwa masuala ya bodi moja hata kama mamlaka zinazouza maji hayo ni tofauti. Mamlaka ya maji husimamia bomba na ankara. Bodi ya bonde husimamia chanzo, na ndiyo inayopaswa kusema kiasi gani kinaweza kuchotwa bila kukausha.

Kwa upande wa kimataifa, msingi ulikuwa Itifaki ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) kuhusu Mikondo ya Maji ya Pamoja iliyofanyiwa marekebisho na kutiwa saini Windhoek Agosti 2000 na kuanza kutumika Septemba 2003. Itifaki hiyo inazibana nchi wanachama kwa kanuni kuu tatu: matumizi ya haki na ya busara, wajibu wa kutomdhuru jirani kwa kiwango kikubwa, na wajibu wa kubadilishana taarifa, hasa pale nchi moja inapopanga kujenga jambo litakaloathiri nyingine au panapotokea dharura kama mafuriko. Msumbiji nayo ilikuwa imejenga mfumo wake wa mamlaka za kanda kwa Sheria ya Maji Na. 16 ya mwaka 1991. Kwa hiyo makubaliano ya 2006 yalikutanisha mifumo miwili iliyokwisha kukubali, kila mmoja kwa njia yake, kwamba maji yasimamiwe kwa mabonde. Miaka minne baadaye, Mei 2010, marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza walifungua Daraja la Umoja lenye urefu wa mita 720 kati ya Mtambaswala na Negomano, na watu wakaweza kuvuka mto kwa barabara mahali ambapo tume ilikuwa ikijaribu kuvusha takwimu.

Namna mafuriko yanavyohesabiwa

Kazi ya kitaalamu inayozipa taasisi hizi uzito ni uundaji wa modeli za mafuriko. Modeli ni seti ya milinganyo ya hisabati inayoiga mwendo wa maji, na kwa kawaida huwa na hatua mbili. Hatua ya kwanza hugeuza mvua kuwa mtiririko, yaani kiasi cha maji kinachopita mahali fulani kwa sekunde moja, kikipimwa kwa mita za ujazo. Hatua ya pili huuchukua mtiririko huo na kuonyesha maji yatafika kina gani na yatafunika ardhi gani.

Ugumu wa hatua ya kwanza unaweza kuonekana kwa hesabu fupi. Milimita moja ya mvua juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 1,000, kwa hiyo milimita 10 juu ya bonde zima la Ruvuma ni mita za ujazo bilioni 1.55. Ikiwa udongo ni mkavu na moja ya kumi tu ya maji hayo inaingia mtoni kwa muda wa siku kumi, mto huongezeka kwa takribani mita za ujazo 180 kwa sekunde; ikiwa udongo umeshiba na sehemu inayoingia ni moja ya tano, ongezeko huwa karibu 360. Mvua ni ile ile, mafuriko ni mara mbili. Kwa sababu hiyo modeli haiwezi kutegemea kiasi cha mvua peke yake. Lazima ifuatilie hali ya udongo tangu mwanzo wa msimu, na lazima itofautishe mchanga wa uwanda wa Makonde unaomeza maji na ardhi ya miamba inayoyaachia haraka.

Mvua inayoingizwa katika modeli hutoka kwenye vipimamvua vya ardhini na, pale ambapo vituo ni vichache, kutoka satelaiti, ambazo baadhi ya takwimu zake zinarudi nyuma hadi 1981. Satelaiti ina faida ya kutojua mpaka, kwa kuwa huona Niassa na mkoa wa Ruvuma wa Tanzania kwa jicho moja, lakini hukadiria mvua kutokana na joto la mawingu na mawimbi yanayoakisiwa, na bila vipimamvua vya kuisahihisha inaweza kukosea vibaya.

Mtiririko wa mto nao haupimwi moja kwa moja kila siku. Msomaji wa kituo, ambaye mara nyingi ni mkazi wa kijiji jirani, husoma kina kwenye ubao wenye alama uliosimikwa majini, na wataalamu hukigeuza kina hicho kuwa mtiririko kwa kutumia mchoro wa uhusiano walioutengeneza awali kwa kupima kasi na upana wa maji katika hali mbalimbali. Hapa ndipo mchanga wa Ruvuma unaporudi katika habari. Mchoro huo ni sahihi kadiri umbo la mto linavyobaki lile lile, ilhali kitako cha mchanga huhama kila msimu, na mafuriko makubwa, ambayo ndiyo yanayotafutwa, ndiyo yanayokihamisha zaidi. Isitoshe, ni hatari kupima mto ukiwa umefurika, kwa hiyo sehemu ya juu ya mchoro mara nyingi hukadiriwa kwa kuurefusha mstari badala ya kupimwa. Mhandisi anayetumia takwimu hizo bila kujua historia ya kituo hujenga juu ya dhana.

Hatua ya pili huhitaji ramani ya miinuko. Ramani iliyopatikana kwa urahisi kwa bonde zima ilitokana na safari ya chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000, ambayo imewasaidia wataalamu wa Afrika kwa miaka mingi. Makosa yake ya wima, hata hivyo, huweza kufikia mita kadhaa, na hupima vilele vya miti mahali penye msitu, wakati katika tambarare karibu na mlango wa Ruvuma tofauti ya mita moja tu huamua kama kijiji kiko ndani au nje ya maji. Ndiyo sababu upimaji wa ardhini na kumbukumbu za wakazi kuhusu alama za mafuriko yaliyopita bado vina nafasi pembeni ya programu za kompyuta.

Matokeo ya kazi hii hutolewa kwa lugha ya uwezekano, ambayo huhitaji maelezo. Mafuriko yanayoitwa ya miaka mia moja ni yale yenye uwezekano wa asilimia moja kutokea katika mwaka wowote, na yakiisha kutokea hayampi mtu dhamana ya miaka 99 ya amani. Anayejenga nyumba katika eneo hilo na kuishi humo miaka 30 ana uwezekano wa takribani asilimia 26 wa kuyaona. Jumuiya ya watumia maji inayoelezwa jambo hili kwa hesabu hiyo huweza kuamua yenyewe mahali pa kujenga shule na mahali pa kuacha mpunga.

Miaka ya majaribio

Pwani ya kusini ya Tanzania huhesabiwa kuwa nje kidogo ya njia ya vimbunga vya Bahari ya Hindi, lakini haiko salama, kama kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952 kilivyokwisha kuonya. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu katika mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Pemba ya Msumbiji, kikiwa na nguvu ambazo mkoa huo haukuwahi kurekodi. Upande wa Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kutoa tahadhari, na wakazi wa maeneo ya hatari Mtwara waliagizwa kuhama. Madhara makubwa yalibaki kusini ya mto. Mabadiliko katika njia ya kimbunga yangezipeleka mvua zake katika bonde lenyewe, na swali la nani anampa nani taarifa, kwa njia gani na kwa lugha ipi, lingejibiwa katika dharura.

Mapema Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikaribia kisiwa cha Mafia na kudhoofika, lakini mvua zake zilinyesha kwa nguvu Lindi na Mtwara, na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ikakatika katika wilaya ya Kilwa, ndani ya eneo la bodi. Mito iliyovunja barabara ilikuwa mifupi, ambayo maji yake hushuka kwa saa chache tofauti na Ruvuma unaochukua siku. Tofauti hiyo ni funzo la kitaalamu: mto mrefu humpa mtabiri muda wa kuonya iwapo ana kituo juu ya mto, ilhali mto mfupi haumpi muda wowote isipokuwa ule unaotokana na utabiri wa mvua yenyewe. Bodi moja hulazimika kuwa na mifumo miwili ya tahadhari.

Kati ya vimbunga hivyo viwili, mashambulizi ya wanamgambo yaliyoanza Cabo Delgado Oktoba 2017 yaliugeuza tena ukingo wa chini wa Ruvuma kuwa eneo la ulinzi, na Oktoba 2020 yalivuka hadi kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara. Kama ilivyokuwa katika miaka ya vita vya zamani, amani imeonekana tena kuwa sharti la kwanza la takwimu.

Hesabu ya miongo miwili

Mafanikio ya taasisi za Ruvuma ni ya aina isiyoonekana kwa macho. Hazikujenga bwawa kubwa wala mfereji wa kujivunia. Zilichojenga ni utaratibu: sheria mbili zinazoelewana, tume inayozikutanisha nchi mezani kabla ya mgogoro, bodi inayojua nani anachota maji kutoka chanzo kipi na kwa kibali gani, na jumuiya za vijijini zenye haki ya kusikilizwa.

Kazi iliyobaki inaonekana zaidi juu ya uwanda. Mikataba iliyotiwa saini Juni 2022 ya mradi wa maji wa miji 28, unaogharimiwa kwa mkopo wa Serikali ya India, iliihusisha pia mifumo ya maji ya Makonde, na kwa hiyo swali lililolishinda shirika la miaka ya 1950 limerudi likiwa na mitambo bora na idadi kubwa zaidi ya watu. Maji yatakayosukumwa kwenda Newala na vijiji kama Mnyambe yanatoka katika hifadhi ya chini ya ardhi inayojazwa na mvua ya uwanda huo huo, ambayo pia huipa Ruvuma sehemu ya maji yake ya kiangazi. Kuchota zaidi juu ni kupunguza chini, na kiwango ambacho kinaweza kuchotwa hakijulikani kwa kutazama bomba, bali kwa kupima visima mwaka hadi mwaka. Tume ya Pamoja nayo italazimika kulitendea jambo hilo kama linavyotendea mafuriko, kwa kuwa maji ya kiangazi yanayopungua ni haki ya kingo zote mbili sawasawa na maji ya masika yanayozidi.

Kwa sababu hiyo, kipimo cha haki cha taasisi hizi katika miongo inayokuja hakitakuwa idadi ya mikutano wala mipango iliyozinduliwa. Kitakuwa idadi ya vituo vya kupimia maji vinavyofanya kazi pande zote mbili, hasa katika Lugenda, na urefu wa kumbukumbu zake zisizo na pengo. Bajeti inayomlipa msomaji wa ubao wa kina wakati wa kiangazi, mto ukiwa umelala katika mchanga na hakuna anayeuogopa, ndiyo inayonunua tahadhari ya masika yajayo.